Nyumba ya Kubebeka Kando ya Ziwa Mweru



Juma lililopita tulipokea barua kutoka Kashikishi, katika wilaya ya Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru. Aliyeiandika ni mama mjane anayefanya biashara ya dagaa, ambao wenyeji wa huko huwaita chisense. Mama huyo alizaliwa Pweto, katika Kongo, pale maji ya ziwa yanapotoka na kuwa mto Luvua. Aliolewa Kashikishi, na huko amekaa zaidi ya miaka 20. Anatueleza kwamba amejiwekea akiba, na akiba hiyo inatosha kwa jambo moja tu. Ama anunue kontena la chuma lililokwisha kukatwa mlango na madirisha, ambalo mfanyabiashara mmoja anataka kumwuzia kama nyumba kamili. Ama aanze kufyatua na kuchoma matofali. Kiwanja anachokaa sasa ni cha kukodi, naye hulipa kila mwaka. Mdogo wake alivuka mpaka mwaka 1917 wa maisha yao ya hofu, yaani mwaka 2017 kwa kalenda yetu, maana anasema siku zile alijiona kama amerudishwa karne nzima nyuma. Aliyakimbia mapigano ya upande wa Pweto, akaacha nyumba ya matofali aliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka 6. Mdogo huyo anamshauri hivi: dada, usijenge tena kitu usichoweza kukibeba.

Mama anatuuliza: je, mdogo wangu amesema kweli?

Swali hili ni la mtu mmoja, lakini wanaolijadili ni wengi. Bei ya saruji na mabati inapopanda, na kodi ya chumba inapopanda pamoja nayo, hutokea mtu na kusema kwamba nyumba ya kujengwa imepitwa na wakati. Kwamba dawa yake ni nyumba ya kununuliwa ikiwa tayari, inayopakiwa juu ya gari na kushushwa popote. Maneno hayo yanavutia. Hapana budi tuyapime kabla mama wa watu hajatoa fedha zake.

Kwanza tukumbuke kwamba kuhamahama si jambo geni kando ya Mweru. Zamani, Mwata Kazembe mpya alipotawazwa, desturi ilikuwa kuanzisha makao mapya ya enzi yake. Wareno walifika huko mwaka 1798, na David Livingstone akafika mwaka 1867. Katikati ya miaka hiyo makao ya Mwata yalikuwa yamekwisha kuhama. Mwansabombwe, ambako sherehe ya Mutomboko hufanyika kila mwezi wa Julai, pametulia tangu mwisho wa karne ya 19. Mashariki ya hapo, katika nyanda za Wabemba, kijiji kizima kilihama kila baada ya miaka michache kufuata mashamba ya chitemene, yale yanayopandwa katika majivu ya matawi yaliyokatwa. Tena watu walikuwa na mitanda, vibanda vya kulala shambani wakati wa kazi. Kati ya mwaka 1906 na 1909 utawala wa Kampuni ya British South Africa ulijaribu kuyapiga marufuku mambo hayo mawili. Mtu anayelala leo huku na kesho kule ni mgumu kutozwa kodi ya kibanda! Njaa na manung'uniko vikaulazimisha utawala ulegeze kamba.

Wakati huo huo, ukaja ugonjwa wa malale. Watu wa kingo za Luapula na za Mweru waliondolewa vijijini mwao, wakapelekwa mbali na maji, na miaka mingi ikapita kabla hawajaruhusiwa kurudi. Hivyo pwani ile imewahi kuona kuhama kwa hiari na kuhama kwa amri pia.

Na leo? Mvuvi wa Mweru bado anayo kambi yake ya msimu. Ziwa lile lina kilomita za mraba zipatazo 5,000, na kina chake hupanda na kushuka ndani ya mwaka mmoja kwa kadiri ya mita moja na nusu hivi. Ajabu yake ni kwamba maji hufika kilele karibu na mwezi wa Mei, mvua ikiwa imekwisha, kwa kuwa mabwawa ya Bangweulu huyashikilia maji na kuyaachia polepole kupitia Luapula. Mvuvi analijua hilo, kwa hiyo kibanda chake cha ufukweni ni cha miti na nyasi. Ifikapo tarehe 1 Desemba uvuvi hufungwa mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, naye hurudi kwenye shamba lake la mihogo. Maji yakikichukua kibanda, hapotezi kitu kikubwa. Atakata miti mingine.

Hapa ndipo, ndugu wasikilizaji, ninapoomba tutulie kidogo. Wazee wale walihama, lakini nyumba zao hazikuhama. Walichobeba ni vyungu, majembe, mbegu na mikeka. Nyumba waliiacha ioze, kwa sababu haikuwagharimu fedha. Iliwagharimu jasho la siku kadhaa na msaada wa majirani. Wepesi wao wa kuhama ulitokana na nyumba kuwa rahisi. Sasa anakuja mtu na nyumba iliyo ghali, inayomeza akiba yote ya mjane, naye anaiita nyepesi kwa sababu tu haina msingi ardhini. Kontena tupu la futi 20 lina uzito wa zaidi ya tani 2. Halibebeki kichwani, wala halipandi mtumbwi. Linataka lori na winchi, na barabara inayopitika hadi mlangoni.

Tuangalie wenzetu waliolijaribu jambo hili kwa wingi kuliko taifa lolote. Marekani kuna watu wapatao milioni 20 wanaoishi katika nyumba zilizoundwa kiwandani na kuvutwa hadi mahali pake. Zamani zilikuwa matela ya kusafiria. Baadaye zikawa makazi ya watu wa kipato kidogo, na kuanzia mwezi wa Juni 1976 serikali ya nchi hiyo ikaziwekea viwango vya lazima vya uimara, umeme na kinga ya moto. Hatukatai kwamba zimewasaidia mamilioni. Nyumba ya namna hiyo hununuliwa kwa fedha chache sana kuliko nyumba ya kujengwa papo hapo, na nyingi za siku hizi ni nzuri.

Lakini nyingi za nyumba hizo, ambazo jina lao ni za kuhamishika, zikishawekwa hazihami tena. Kuihamisha ni gharama kubwa, na ikiwa imezeeka huenda ikavunjika njiani. Sasa fikirini hali ya mtu aliyeiweka nyumba yake juu ya ardhi ya kukodi. Nyumba ni yake, ardhi ni ya mwingine. Mwenye ardhi akiongeza kodi, mpangaji hana pa kukimbilia, maana nyumba inayosemekana ni ya kuhama haihami. Katika miaka ya karibuni makampuni ya fedha yameyanunua maeneo mengi ya namna hiyo na kupandisha kodi, kwa kuwa yamelijua jambo hilo vizuri. Tena benki nyingi huitazama nyumba isiyo na ardhi yake kama zinavyotazama gari: mkopo wake huwa na riba kubwa zaidi, na thamani yake aghalabu hushuka mwaka hata mwaka. Wapo waliojinasua. Mwaka 1984, huko Meredith katika jimbo la New Hampshire, kikundi kidogo cha wakazi kiliunda chama cha ushirika na kuinunua ardhi iliyokuwa chini ya nyumba zao. Mfano huo umeigwa mahali pengi tangu hapo.

Mnaona, basi, kwamba waliofanikiwa walianza na ardhi.

Nanyi mtaniwia radhi nikichomeka jambo langu mwenyewe. Nilikulia katika nyumba ya kubebeka. Baba alikuwa mtumishi wa idara moja, sitaitaja, na sisi tulipewa kibanda cha mviringo cha bati jeupe, vile vinavyoitwa yuniporti, ambavyo askari na watumishi wengi wa Kenya na Uganda wanavifahamu. Huletwa vipande vipande, vikaunganishwa kwa boliti katika muda mfupi. Tuliambiwa ni vya muda tu. Tulikaa humo miaka 9. Saa 8 mchana hakuna aliyeweza kukaa ndani. Usiku wa baridi bati lilitoa jasho, matone yakatudondokea kitandani, na mama akajifunza kufunika daftari zetu za shule kwa nailoni. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Sisemi haya kwa kinyongo. Nilisoma humo, nikafaulu kwenda sekondari. Ila ninapomsikia mtu akisifia nyumba ya chuma kwa maneno ya karatasi, masikio yangu hukumbuka ile mvua.

Turudi Kashikishi na kontena letu. Ndani yake, kontena la futi 20 lina upana wa mita 2 na theluthi moja hivi kutoka ukuta hadi ukuta, sawa na kusema kwamba kitanda kikiwekwa kwa mapana hakibaki pa kupita. Sakafu yake yote haifiki mita za mraba 14. Mama ametuambia kwamba anaishi na mabinti wawili na mjukuu. Chuma hicho, kikipigwa na jua la Oktoba bila kivuli wala dari, huwa tanuri. Ili kikalike, sharti kijengewe paa la pili juu yake lenye nafasi ya kupitisha hewa, kitiwe dari na kizuizi cha joto ukutani, na madirisha yakatwe pande mbili zinazoelekeana. Kila tundu linalokatwa hupunguza nguvu ya ukuta, kwa hiyo linataka fremu ya chuma iliyochomelewa vizuri, la sivyo siku ya kuinuliwa na winchi kontena litapinda. Mbao za sakafu za makontena mengi hutiwa dawa kali ya kuua wadudu ili zikubaliwe katika bandari za dunia. Mtoto anayetambaa juu yake anahitaji sakafu nyingine juu ya ile. Na mlango wake wa asili hufungwa kwa nje. Nyumba ambayo adui anaweza kukufungia ndani si ya kulala watoto mpaka mlango huo umebadilishwa. Hesabu ya mambo yote hayo haimo katika bei aliyotajiwa mama.

Halafu kuna safari. Kontena likitoka bandari ya Dar es Salaam hupita Tunduma na Nakonde, likafuata njia ya Kasama na Luwingu hadi Mansa, ndipo likapande kaskazini hadi Nchelenge. Gari la kuliteremsha nalo lazima lipatikane. Na kama mama akitaka kuhama mwakani, kwa sababu mwenye kiwanja amekataa kumkodisha tena, atalipa gari na winchi upya. Muuzaji amwandikie gharama hiyo kwa mkono wake. Nashuku atasita.

Jambo la malaria nalo nisiliruke, maana Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazosumbuliwa zaidi na ugonjwa huo, na wataalamu wameufanyia huko uchunguzi wa miaka mingi. Mbu wanaouleta hupenda kuuma usiku, watu wakiwa ndani. Katika nyumba ya udongo huingia sana kwa ule upenyo ulioachwa kati ya ukuta na paa. Hapa, kwa haki, kontena lina sifa yake: halina upenyo huo. Likitiwa wavu madirishani na mlangoni, mbu atapata taabu kuingia. Lakini joto likizidi watu watafungua mlango, au watatoka kulala nje, na faida yote itakuwa imepotea. Nyumba ya tofali inaweza kupata sifa hiyo hiyo kwa kuziba upenyo wa juu na kuweka wavu, na watu wakalala ndani kwa raha.

Sasa neno la yule mdogo. Hilo halijibiki kwa hesabu ya winchi. Mtu aliyefunga mlango wa nyumba yake kwa ufunguo, akaondoka na ufunguo mfukoni, akijua kwamba huenda hataurudisha tena katika kitasa chake, ana haki ya kuogopa tofali. Maelfu walivuka kama yeye kutoka Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa kwanza Kenani, kisha kuanzia Januari 2018 wakahamishiwa Mantapala, katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge, wakapewa viwanja. Walianza chini ya mahema na maturubai. Hema na turubai, hizo ndizo nyumba za kubebeka hasa. Ziliwafaa mvua ya kwanza, na jua likaanza kuzila. Wengi wao walifanya nini baada ya hapo? Waliingia katika udongo. Walifyatua matofali mabichi, wakasimamisha kuta. Watu wale wale walioacha kuta nyuma yao!

Kwa hiyo ningependa kumwambia mdogo wa mama, kwa heshima yote, kwamba siku ile ya mwaka 2017 hata kama angekuwa na kontena angeliacha pale pale. Alichovuka nacho ni watoto na mzigo wa mgongoni. Penye bunduki, hakuna anayengoja lori. Hasara yake haikuletwa na matofali. Ililetwa na vita, na vita havichagui ukuta. Kama anataka dada yake awe na kitu cha kubebeka siku mbaya, basi asimalize akiba yote katika nyumba ya aina yoyote ile. Abakize sehemu. Fedha ndogo iliyowekwa mahali salama hubebeka kuliko chuma cha tani 2.

Upande wa matofali nao tusiupambe. Matofali ya kuchoma hula kuni nyingi, na misitu ya kandokando ya miji imekwisha kuonyesha madhara yake. Tena kazi hiyo ni ya kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, wakati ambapo biashara ya dagaa nayo imepamba moto. Mama hawezi kuwa sokoni na kwenye tanuru kwa wakati mmoja. Itambidi alipe wafyatuaji, na kuwasimamia wafyatuaji ni kazi nyingine. Ipo njia ya katikati: matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, ambayo hayachomwi. Hapa kwetu Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza kwa miaka mingi. Udongo wa kichuguu, ambao mafundi wa Zambia wanaupenda kwa matofali, unapatikana kila upande. Mwaka 1977, alipopima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwakemea wananchi waliokuwa wakiishi katika nyumba mbovu wakisubiri bati na udongo Ulaya, huku udongo mzuri wa tofali ukiwa chini ya miguu yao. Aliiona hali hiyo kuwa ni kupooza kwa fikra. Kontena ni ndugu wa bati lile.

Nyumba ya tofali ina faida nyingine inayomfaa mtu wa kipato cha msimu: huanzwa na chumba kimoja. Chumba hicho kikaezekwa, kikakaliwa, na cha pili kikaongezwa mwaka ambao dagaa wamekuwa wengi. Kontena hulipwa lote, au hulipwa kwa deni.

Wala sisemi kwamba kontena halina kazi. Kama ghala la dagaa waliokaushwa, au duka la barabarani, ni kitu kizuri: mwizi halipenyi kwa urahisi, panya hatoboi, na biashara ikihama soko, kupo kuhama kwa maana. Hesabu ya duka hulipa lori. Hesabu ya kitanda hailipi.

Mama yangu wa Kashikishi, shikamoo. Kwa maoni yetu usinunue. Swali lako la kwanza liwe kiwanja. Ardhi nyingi ya huko iko chini ya mila. Huombwa kwa mkuu wa kijiji na kuthibitishwa na chifu, na sheria ya ardhi ya Zambia ya mwaka 1995 inaruhusu ardhi ya namna hiyo, kwa idhini ya chifu na kwa kupitia halmashauri, kugeuzwa kuwa ya hati ya hadi miaka 99. Umeolewa huko, umezaa huko, wakwe zako wako huko. Usione haya kuomba kwa jina lako mwenyewe, siyo kwa jina la shemeji. Miezi ya kufungwa kwa uvuvi, Desemba hadi Februari, haifai kwa matofali, lakini yafaa sana kwa kukaa barazani kwa mkuu wa kijiji. Omba mahali pa mwinuko, na umwulize mzee yeyote maji ya Mei hufika wapi. Ukipata karatasi, weka alama za mipaka kabla ya kufyatua tofali la kwanza.

Umetuandikia kwamba yule muuzaji amekupa hadi mwisho wa mwezi, akisema baada ya hapo kontena litachukuliwa na mtu mwingine. Na alichukue.